Neno "Punguza" Linapofika Mwaya

Kuna maneno ambayo kabla ya kuyatii inafaa uyaulize yametoka wapi. "Punguza" ni mojawapo. Ukimwambia mtu apunguze sukari, umeshadhani kwamba sukari ipo kabatini kwake na kila asubuhi anaijaza vijiko. Siku hizi neno hili limeingia mashambani. Punguza mbolea ya viwandani, linasema, tumia mbolea hai. Udongo utapona, maji yatakuwa safi, hewa itapumua. Sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Lakini nikilisindikiza neno hilo mpaka Mwaya, kwenye majaruba ya Kyela yanayotazamana na Ziwa Nyasa, naliona linageuka mdomoni. Swali linaacha kuwa la kilimo peke yake. Linakuwa: nani apunguze, hasara ikija ni ya nani, na tunamwambia hivyo kwa mamlaka gani?

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi tunaoitetea mbolea hai, na wengi tunaoibeza, hatujawahi kujiuliza ndani ya pakiti kuna nini.

Ndani kuna viumbe. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Mpunga umesimama katikati ya bahari hiyo na hauwezi kunywa hata tone, kwa sababu chembe za naitrojeni ya hewani zimeshikana wawili wawili kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Wapo bakteria wachache wanaoweza. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya jamii ya kunde, na tangu hapo binadamu amekuwa akiwafuga na kuwauza. Kenya wana bidhaa yao ya bakteria hao, inaitwa Biofix. SUA, pale Morogoro, iliwahi kutengeneza ya kwake kwa ajili ya soya, ikaipa jina Nitrosua. Soya ya Brazil, ile inayojaza meli na meli, hupata naitrojeni yake kwa bakteria badala ya mfuko wa urea.

Nafaka ni habari nyingine. Mpunga, mahindi, ngano na mtama havina vinundu. Mtu akikuuzia bakteria wa soya uwapake kwenye mbegu za mpunga, amekuuzia unga. Nafaka ina wasaidizi wa namna nyingine, na wote ni wa kiasi. Yupo azospirila, bakteria anayeishi kandokando ya mizizi, ambaye Johanna Döbereiner alimfanyia kazi kubwa nchini Brazil miaka ya 1970. Huyu hutoa naitrojeni kidogo, tena huichochea mizizi irefuke na kutafuta chakula mbali zaidi. Watafiti wa huko huko, akiwemo Mariangela Hungria aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025, wameonyesha kwamba kwenye mahindi anaweza kufidia kama robo ya mbolea ya kukuzia. Shikilia neno hilo, robo. Tutalihitaji.

Ipo pia azola, kimmea kidogo kinachoelea juu ya maji kama zulia, chenye bakteria waliojificha ndani ya majani yake. Wachina na Wavietinamu walikifuga kwenye majaruba yao kwa karne nyingi. Mazingira yakiwa mazuri, kinaongezeka maradufu kwa siku tatu hadi tano, na kikifukiwa kwenye tope kinaacha kilo 20 hadi 40 za naitrojeni kwa hekta. Na ipo njia ya zamani kuliko zote: kupanda maharage au kunde kwenye unyevu unaobaki baada ya mpunga, ili zao moja liliandalie lingine meza.

Upande wa pili wa mizani upo mfuko wa urea. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha maabara, na mwaka 1913 Carl Bosch akaonyesha kiwandani, kwamba ile naitrojeni ngumu ya hewani inaweza kuvunjwa kwa joto kali na mgandamizo mkubwa. Leo karibu nusu ya watu duniani wanakula chakula ambacho kisingekuwepo bila ugunduzi huo. Anayeizungumzia mbolea ya kiwandani kama sumu tupu akumbuke anazungumzia nusu ya meza.

Sasa twende Mwaya na hesabu ndogo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Tani moja ya mpunga huchukua udongoni kilo 15 hadi 20 za naitrojeni, ukihesabu punje na mabua. Ukitazama hivyo tu, mfuko mmoja unatosha ekari yenye kuzaa tani moja na chenji inabaki. Lakini kwenye jaruba lenye maji, urea ni mgeni asiyekaa. Sehemu inapaa kama amonia, sehemu inageuzwa na bakteria wengine ikarudi hewani, sehemu inaondoka na maji. Mara nyingi kinachoingia kwenye mmea ni kama theluthi moja. Mkulima amelipia kilo 23, mpunga umekula nane. Hapo watetezi wa mbolea hai wana hoja nzito, na ningependa ibaki mezani: kupoteza theluthi mbili za kitu kilichotengenezwa kwa gesi, kikasafirishwa kwa meli, kikapandishwa lori mpaka Kyela, ni ubadhirifu kwa kipimo chochote.

Hebu sasa tumweke mkulima mbele yetu. Hana jina, kwa sababu nimemuunga kwa vipande vya wengi. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, analima ekari moja na nusu, na nusu ya eneo hilo amekodi. Anapanda Kilombero au Zambia, mpunga mrefu wenye harufu, ile harufu iliyolifanya jina la Kyela livaliwe hata na mchele ambao haujawahi kuiona Kyela, ukishafika sokoni Dar es Salaam. Mbolea huweka mwaka anaoweza. Mwaka mwingine hawezi, na hukopi mbolea kwa mtu ambaye tayari anakudai ada ya mtoto.

Anafika kijana mwenye kipeperushi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kaa hapo kwenye kivuli."

Kijana anaeleza vizuri. Anaeleza bakteria, anaeleza udongo, anaeleza mabadiliko ya tabianchi. Anafika kwenye neno lake: mama apunguze mbolea ya dukani. Mama anasikiliza mpaka mwisho, maana mgeni hakatizwi, kisha anauliza:

"Nipunguze kutoka kwenye ule mfuko mmoja?"

Kijana anakohoa. Mama anaongeza la pili, kwa upole uleule:

"Na hao wadudu wako wakifa njiani, mimi nitajuaje?"

Maswali mawili haya yana uzito kuliko vitabu vingi vya maadili ya mazingira. La kwanza linahusu haki, la pili linahusu ukweli. Nitalichukua la kwanza kwanza.

Mwezi Juni 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja. Wakati ule bara zima lilikuwa likitumia wastani wa kilo 8 tu za virutubishi vya mbolea kwa hekta, na wakakubaliana wafike kilo 50 ifikapo 2015. Neno la Abuja lilikuwa "ongeza". Mei 2024 wakakutana tena Nairobi, na safari hii jina la mkutano lenyewe likawa na mbolea na afya ya udongo pamoja. Wakati huohuo China ilikwishafika zaidi ya kilo 300 kwa hekta, na huko "punguza" ni neno la busara kabisa. Kwa hiyo kwenye masikio ya mama wa Mwaya yanagongana maneno mawili. Moja linamwambia apande ngazi ambayo wenzake wameipanda. Jingine linamwambia ashuke ngazi ambayo hajaikanyaga.

Tena hata huo uchache wake haukutokana na ufukara peke yake. Mpunga mrefu wa asili ukishiba naitrojeni kupita kiasi hulala. Shina linakuwa laini, masuke yanakuwa mazito, upepo mmoja tu na shamba lote limelalia maji. Kyela ni mahali ambapo mvua huzidi milimita 2000 kwa mwaka, na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kutanda uwandani wakati wa masika. Mpunga uliolala hapo haunyanyuki. Mkono mwepesi wa mama kwenye urea, basi, una elimu ndani yake. Mtaalamu anayefika akidhani anaanzia sifuri ameanza vibaya.

Uovu wa "punguza" lililosemwa pasipo kuangalia tumeuona mahali pengine. Aprili 2021 rais wa Sri Lanka, Gotabaya Rajapaksa, alipiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali nchini, karibu kwa usiku mmoja, akitaka nchi nzima igeuke ya kilimo hai. Wakulima hawakuwa wameandaliwa, mboji ya kutosha haikuwepo. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, na nchi iliyokuwa ikijilisha mchele ikaanza kuuagiza. Kufikia Novemba mwaka uleule serikali ilikuwa imerudi nyuma. Uchumi wa Sri Lanka ulianguka kwa sababu nyingi, mbolea ikiwa moja tu. Lakini kuhusu maadili funzo lipo wazi: kiongozi alitaka mikono safi, na gharama ya sabuni akaipeleka kwenye sufuria za watu wengine.

Hapo ndipo ninapouona moyo wa jambo hili. Jaribio likishindwa, mtafiti huandika kwamba hakukuwa na tofauti kubwa kati ya jaruba hili na lile. Hayo yanaitwa matokeo, na mshahara wake unaingia tarehe ileile. Jaribio hilohilo likishindwa kwa mama, linaitwa Desemba bila unga. Kitu kimoja kina majina mawili kutegemea nani amekibeba. Na mimi nashikilia kwamba mtu hana haki ya kumshauri mwenzake aingie kwenye hatari ambayo yeye mshauri haimgusi hata kidogo, hasa pale anayeshauriwa akiwa ndiye mwenye kidogo zaidi. Ushauri wa namna hiyo unaweza kuwa sahihi kisayansi na bado ukawa dhuluma.

Msomaji anaweza kuniuliza: basi tunyamaze? Tumuache mama apande ngazi ya urea mpaka juu, halafu tumfuate baadaye na hotuba za kushuka?

Hapana, na sababu mojawapo iko mbele ya Mwaya, inameremeta. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi. Mito mingi huingia. Unaotoka ni mmoja tu, Shire, huko kusini Malawi, na maji mengi kuliko hayo huondoka kwa kupanda hewani kama mvuke. Mvuke haubebi mbolea. Ni mtungi mkubwa wenye tundu dogo: kinachoingia hukaa. Chini sana maji yake hayana oksijeni, samaki hawaishi huko. Maisha yote, usipa, mbasa na mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi wasiopatikana kwingine duniani, yamebanana kwenye tabaka la juu. Mbasa hupanda mitoni kuzaa, mito hiyohiyo inayopita kandokando ya majaruba. Ziwa la namna hiyo halisubiri watu watajirike kwanza ndipo wasafishe. Isitoshe, udongo unaomomonyoka kwenye miteremko tayari unalipelekea mzigo wake. Kwa hiyo kunyamaza nako kuna mwathirika, ila mwathirika huyo hana mdomo wa kuuliza maswali kivulini. Wengine bado hawajazaliwa.

Kuna pia utumwa wa bei. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mbolea, ambayo ilikwishaanza kupanda, ilizidi kupaa, na mkulima wa ukingo wa Nyasa akalipia vita asivyovijua chanzo. Agosti 8 mwaka huo, sikukuu ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyoushusha mfuko wa urea kutoka zaidi ya shilingi 120,000 hadi 70,000. Ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini ruzuku ni mwavuli ulioshikwa na mkono wa mwingine, na anayekushikia mwavuli anaweza kuchoka. Mkulima mwenye udongo unaojilisha hata robo amepata kitu ambacho bei ya gesi haiwezi kumnyang'anya. Ndiyo maana nilisema tushikilie neno robo. Robo ni ndogo kwa anayehubiri mapinduzi. Kwa mama anayehesabu vijisenti vya mfuko mmoja, robo ni daftari za mwaka mzima.

Sasa lile swali la pili. Wadudu wakifa njiani, atajuaje?

Urea ina sifa moja ambayo hatuipi heshima yake: inajishuhudia yenyewe. Umeimwaga, baada ya wiki majani yamekoza kijani, jirani anaona, mwenye duka halazimiki kuapa. Mbolea hai haijishuhudii hivyo. Ni unga mweusi au maji ya kahawia. Bakteria walio hai na bakteria waliokufa wanafanana kabisa mkononi. Wanataka ubaridi, na hapa wamesafiri kwenye bodaboda, wamekaa kwenye rafu ya duka la pembejeo chini ya bati, katika joto la Kyela la saa nane mchana. Mama hana darubini. Anachoweza kufanya ni kuamini tu.

Na imani hiyo imewahi kutumiwa vibaya. Mwaka 2015 Laetitia Herrmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa bidhaa 65 za vijidudu vya kilimo zilizokuwa zikiuzwa. Zilizoonekana kuwa safi zilikuwa asilimia 37 tu. Asilimia 40 hazikuwa na kijidudu kilichoandikwa kwenye pakiti. Walichokikuta ni vijidudu vingine vilivyodandia. Fikiria pakiti kumi, na nne kati yake zinasema uongo kuanzia jina. Mwenye kukataa kununua hapo tunamwita mkaidi, tunamwita mtu wa zamani. Ukweli ni kwamba amepiga hesabu vizuri kuliko anayemwita hivyo.

Kwa hiyo anayetaka mama apunguze ana deni la ukweli kabla ya deni la mbegu. Ukweli wenyewe unauma kidogo, kwa sababu unapunguza utamu wa kipeperushi. Ni kumwambia kwamba mbolea hai haitachukua nafasi yote ya urea kwenye mpunga. Kwamba azola inataka fosforasi, nayo isipokuwepo udongoni haiteremki kutoka hewani kama naitrojeni; lazima itoke mahali, samadi au mwamba wa fosfeti kama ule wa Minjingu. Kwamba mafuriko yakija azola yote inaweza kuondoka kuelekea ziwani kwa asubuhi moja. Kwamba Wachina na Wavietinamu, walioijua azola kuliko wote, wengi waliiacha pale urea ilipokuwa rahisi, kwa sababu azola ni kazi.

Neno hilo, kazi, linastahili kusimamishwa. Mbolea ya kiwandani hununuliwa. Mbolea hai hufugwa. Azola inataka kijidimbwi cha kulindwa kiangazi kizima ili mbegu yake isipotee. Inataka mtu wa kuieneza, wa kuifukia, wa kuangalia maji. Mtu huyo ni nani? Kwenye nyumba nyingi ni yuleyule anayepalilia, anayeamia ndege, anayepika na anayeteka maji. Tukisema mbolea hai ni nafuu kwa sababu haina bei dukani, tumelihesabu jasho la mama kuwa bure. Ni nafuu kwa nani?

Na kuna ile nusu ya shamba aliyokodi. Faida ya udongo ulio hai huja polepole: mwaka wa kwanza kidogo, wa tatu zaidi. Mkodishaji anaweza kuuchukua mwaka wa pili, akiona udongo umenawiri, akampa mwingine kwa bei ya juu. Kumwomba mpangaji aulishe udongo wa mtu mwingine, bila mkataba wa miaka, ni kumwomba ajenge nyumba kwenye kiwanja cha jirani. Huwezi kuhubiri subira kwa mtu ambaye umemnyima muda.

Nimeyataja yote haya bila nia ya kuifukuza mbolea hai kutoka Mwaya. Naitaka ije, ila ije kwa mlango. Na mlango ninaouona una masharti matatu, nayo yanamhusu mshauri kabla ya mkulima.

La kwanza, ukweli wa kiasi. Sema robo kama ni robo. Kama hujui kwa mpunga wa Kyela ni ngapi, jaribu Kyela kwanza, usilete namba ya mahindi ya Brazil.

La pili, rehani. Jaribio lifanyike kwenye kona ya shamba, hatua ishirini kwa ishirini, pembeni ya mpunga uliolimwa kama kawaida. Kabla ya kupanda, mbele ya mashahidi, mshauri au taasisi yake iandike: kona hii ikizaa pungufu, tofauti tunalipa kwa mpunga. Walipe kwa debe, maana cheti cha ushiriki hakiliwi. Kiasi chenyewe ni kidogo kwa mradi wowote wenye gari. Lakini kitendo hicho hubadilisha uhusiano wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kushindwa kuna jina moja kwa wote wawili.

La tatu, kurudi. Mashamba yetu yamejaa vibao vya miradi iliyokuja wakati wa kupanda na haikuonekana wakati wa kupura.

Masharti haya hayamwachi mkulima bila wajibu. Akishapewa ukweli na rehani, naye anadaiwa. Anadaiwa na anayevua chini ya mto, na anadaiwa na mjukuu. Kusema "mimi ni maskini" kunaondoa lawama ya kutoanza; hakuondoi lawama ya kukataa hata kona ya hatua ishirini iliyokatiwa bima. Umaskini hautufanyi tusiwe majirani.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na namna yao ya kulifikiria deni hili, nayo inatisha na kufundisha kwa pamoja. Monica Wilson, aliyeishi huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika habari za Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga, ambaye rutuba ya nchi nzima iliaminika kukaa mwilini mwake. Lwembe hakuachwa afe kwa ugonjwa kama watu wengine. Kabla pumzi haijakatika, walimng'oa nywele na kucha wakazifukia kwenye tope la mtoni, ili asiondoke na chakula cha watu. Sitamani desturi hiyo irudi. Ninachokiona ndani yake ni sheria moja: rutuba haikuwa mali ya mtu, hata mfalme. Aliyekuwa nayo alikuwa ameishika tu kwa muda, na kabla ya kuondoka alilazimika kuirudisha kwenye tope.

Ukiitazama Kyela yenyewe, sheria hiyo imeandikwa ardhini. Uwanda huu umelishwa na milima kwa maelfu ya miaka. Kila masika mito imeleta udongo wa Rungwe na kuuacha hapa. Harufu ya mchele tunaojivunia imekulia kwenye zawadi ambayo hakuna aliyeilipia. Tunachobishania leo, urea au bakteria, ni namna ya kurudisha sehemu ya tunachokitoa kila tukipakia gunia kwenye lori la Dar es Salaam. Mlaji wa mjini naye yumo kwenye deni hilo. Anayelipa zaidi kwa jina la Kyela angeweza kuuliza, angalau mara moja, ni kiasi gani cha hiyo zaidi kinachorudi kwenye tope la Kyela.

Kwa hiyo kijana mwenye kipeperushi asifukuzwe. Anywe maji, apumzike, halafu arudi na vitu vinne: kamba ya kupimia, vijiti vya kuweka alama, pakiti iliyotunzwa kwenye ubaridi, na gunia la mpunga litakaloachwa kwa mwenyekiti wa kitongoji mpaka msimu uishe. Na kabla hajapanda pikipiki, amtajie mama mwezi atakaporudi. Mwezi wa kupura, si wa kupanda.